Kaseti Aliyotumiwa Baba

Jumapili ya majuzi nilipita mtaa wetu wa zamani kule Schaerbeek, siku ya brokanti, ile siku wakazi wanapotandaza mashuka kando ya barabara na kuuza vitu vilivyowachosha nyumbani. Sikuwa natafuta chochote. Nilikuwa nimetoka kumjulia hali rafiki mgonjwa, na nilitaka tu kufika kituo cha tramu kabla mvua haijaanza. Kwenye sanduku moja la kadibodi, katikati ya kaseti za hadithi za watoto na miziki ya kodiani, nikamwona yule mwanamke kwenye jalada la kaseti moja. Gauni la manjano, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinuliwa, kicheko mpaka gego la mwisho. Muuzaji aliniona nimeganda, akaiokota kaseti na kuninyooshea niishike. Nikaingiza mikono mifukoni. Akacheka, akaniambia kwa Kifaransa kwamba haiumi. Siku nyingine ningemjibu, maana ulimi ninao. Nilikwenda zangu, na tramu mbili zikanipita kituoni nikiwa nimesimama palepale.

Ninyi mliokua Brussels miaka ile mnaijua albamu ninayoisema. Jina la mwimbaji sitalitaja, hakunikosea kitu maskini wa Mungu. Alikuwa Mbrazili, nyimbo zake za kuchezwa, ngoma nyingi na kundi la wanawake wanaoitikia nyuma, na mwaka ule aliuza mpaka watu wasioweza kuonyesha Brazili kwenye ramani walikuwa naye sebuleni. Alikuwa kwenye magari yaliyofunguliwa madirisha, kwenye bwawa la kuogelea, kwa kinyozi Mmoroko, kwenye sherehe ya kufunga shule ambapo mwalimu wetu, mama mnene mwenye heshima zake, alikata kiuno mbele ya mkuu wa shule. Wenzangu wakizisikia nyimbo zile leo wanakumbuka ujana wao. Mimi nafunga madirisha.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa ghorofa ya tatu juu ya duka la mikate la Waturuki, mama na mimi, kwenye vyumba viwili vilivyonuka ufuta tangu asubuhi. Tulitoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mahali ambapo mama alizoea kusema hata mbwa wanabweka kwa Kiswahili, na tulitoka mbio, wakati mambo yalipoharibika na nyumba yetu ikachomwa. Makaratasi yalipatikana ya watu wawili tu. Baba akabaki kwa mdogo wake, tonton Ramadhani, akingoja yake. Tulipoagana aliniambia nikimaliza kujifunza Kifaransa yeye atakuwa amefika. Nilijifunza Kifaransa kwa pupa ambayo walimu waliisifu bila kujua sababu yake. Nikakimaliza, kwa hesabu zangu. Idi ya kwanza ikapita, ikapita na ya pili, na baba hakuja.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa maman Furaha, Mkongo wa Bukavu, mlokole, aliyefanya usafi kwenye maofisi tangu alfajiri na kurudi saa nne asubuhi akiwa bado ana nguvu za kucheza. Yeye na mama waligawana paketi za kaseti tupu walizonunua kwenye soko la Jumapili pale stesheni ya Gare du Midi, kaseti nyeupe zisizo na maandishi yoyote mwilini, zote pacha. Mama alizitaka kwa ajili ya barua, na hilo nitalieleza. Maman Furaha alizitaka kwa ajili ya muziki, maana redio yake ilikuwa na matundu mawili ya kaseti na alikopia kila kilichopita mikononi mwake. Aliponunua albamu ya yule Mbrazili nikawa sibanduki mlangoni kwake.

Siku moja akaniita. "Zuhura, kuya. Huyu mwanamuke anaimba mpaka muntu anasahau baridi."

Akanikopia albamu nzima, pande zote mbili, kwenye mojawapo ya kaseti zile nyeupe. Mama hakuipenda, alisema ni makelele ya watu wasio na msiba, lakini alikuwa akimhudumia bibi mmoja wa Kibelgiji mpaka jioni, kwa hiyo kati ya kutoka shule na kurudi kwake nyumba ilikuwa yangu. Nilicheza peke yangu mkekani mpaka Waturuki wa chini wakagonga dari.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Ngoma za albamu ile zilinigusa kifuani palepale zilipokuwa zikinigusa za kwetu, na lugha yake haikuwa Kifaransa wala Kiflemi wala Kiarabu cha madrasa. Kwa hiyo nikakata shauri kwamba Brazili iko jirani na Bujumbura, pengine ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ile ya Kongo tuliyokuwa tukiiona kutoka ufukweni. Wimbo wa kwanza ulianza kwa kicheko cha mwanamke yule, kisha kikaja kiitikio kisichokwisha, na nilikuwa na hakika kiitikio kile kinamwita mtu. Njoo, njoo, unangoja nini. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliamua mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa akiivuta sauti. Miaka mingi baadaye mwanamke wa Kireno niliyefanya naye kazi aliniambia ni wimbo wa muuza mananasi.

Nieleze na habari ya barua za kaseti, kwa sababu wanangu wanadhani nazitunga. Nyumba ya tonton Ramadhani haikuwa na simu, na duka lililokuwa na simu mtaani lilikuwa limechomwa. Baba aliandika kwa tabu, na mama alisema karatasi haina pumzi. Basi watu wetu walitumiana sauti. Ukisikia kuna anayesafiri, unampa kaseti, anaitia mfukoni mwa koti, akifika anaipeleka mpaka mlangoni. Mama alikuwa na taratibu zake. Alifuta redio kwa kitambaa mpaka ing'are, akaoga, akavaa kitenge kizuri kama anayekwenda kwa watu, akafukiza udi, akafunga dirisha ili tramu isiingie kwenye maneno yake. Alianza kwa Bismillahi, akawasalimia watu wa nyumba ile mmoja mmoja mpaka wachanga, ndipo akaingia kwenye jambo lenyewe. Na akishamaliza hakuisikiliza kaseti yake, hata dakika moja. Bibi yangu ndiye aliyemfundisha, kwamba salamu ukiisikia wewe uliyeituma imekwisha kukurudia, haifiki tena. Aliitoa redioni, akaitia kwenye kasha, akaandika jina la baba juu ya kasha, akaiweka juu ya kabati ikingoja msafiri. Kwa sababu ya mwiko huo nililolifanya likawezekana.

Kaseti ya baba ililetwa na tonton Issa, mtu wa msikiti wetu aliyekuwa akiuza magari ya mitumba na kwenda Bujumbura mara kwa mara. Tuliisikiliza mama na mimi, magoti kwa magoti. Sauti ya baba ilikuwa na mafua. Alisalimia, akanitania kwamba siku hizi lazima natafuna Kifaransa hata usingizini, kisha akaja kwenye lililomsukuma. Kulikuwa na watu wanaopanga kuondoka kwa lori, wapande barabara ya milimani, wavuke mpaka na kwenda mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi yeye atafute njia ya kutufikia. Nafasi moja waliiweka kwa ajili yake. Lakini hakutaka kuamua bila mama.

"Mama Zuhura," alisema, "mimi nakusikiliza wewe. Ukisema niende, nitaenda. Ukisema nisubiri, nitasubiri hata miaka kumi. Nipe neno lako."

Mama alisimamisha redio hapo, akakaa ameshika shavu. Mimi nilishaanza kupanga baba alale wapi.

Alijibu Jumapili, kwa taratibu zake zote. Nilikuwa nimeketi mkekani, nimekatazwa hata kukohoa. Salamu zilichukua muda mrefu kuliko kawaida, nadhani alikuwa anajikusanya. Halafu akainama karibu na redio kama anayemsemesha mtu mwenye usikivu hafifu.

"Bon, Baba Zuhura, nisikie vizuri. Usiondoke. Hiyo barabara usipande, hata wakikwambia nini. Watu wanateremshwa kwenye magari huko milimani, habari tunazipata hapa. Makaratasi yako yamekubaliwa, yule dame wa ofisi ameniambia kwa mdomo wake, ni wiki tu zimebaki. Donc, subiri. Utakuja kwa ndege, kama muntu."

Ningependa kuwaambia kwamba sikuelewa. Ingekuwa rahisi kwangu, na ninyi mngenihurumia. Nilielewa kila neno, ila nililielewa kitoto. Kuteremshwa kwenye gari, kwangu, ilikuwa ni kama wale wakaguzi wa tramu wanavyomteremsha mtu asiye na tiketi, unapanda inayofuata. Nilichosikia mimi ni kwamba baba ana gari, ana nafasi, yuko tayari, na mama anamwambia akae. Neno subiri nilikuwa nimelishiba mpaka kooni. Nilimchukia mama siku ile, nasema wazi. Nilikula chakula chake cha jioni bila kumtazama, na yeye akadhani nimeshikwa na homa, akanigusa paji la uso.

Jumatano mchana hapa hakuna shule, mnajua. Tonton Issa alikuwa aje jioni kuchukua mizigo. Mama alikuwa jikoni anakaanga sambusa za kumpa za njiani, mafuta yanaunguruma, mgongo umenigeukia. Nikavuta kiti, nikapanda, nikafungua kasha lililoandikwa jina la baba. Kaseti yake na yangu zilikuwa kama mapacha. Nilikuwa nimekwisha kuirudisha yangu mwanzo kabisa, ili baba akibonyeza tu kianze kicheko, kifuate kiitikio. Sikuona kwamba nadanganya. Niliona namtumia kauli iliyo bora kuliko ya mama, kauli ya furaha, ya mtu anayeitwa na nyumba nzima. Ya mama nikaitia kwenye begi la shule, chini ya kamusi.

Tonton Issa alikuja, akanywa chai, akala sambusa tatu za safari kabla ya safari. Mama alimkabidhi kaseti kwa mikono miwili. Akamwambia mizigo mingine ikipotea si kitu, hii ndiyo mzigo. Tonton akaitia mfuko wa ndani wa koti na kuupigapiga. Alikuwa na tumbo kubwa, kufunga viatu kulimchukua muda, na muda wote huo mimi nilisimama pembeni yake mlangoni. Kila nikikumbuka siku ile naanzia kwenye viatu vile. Kesho yake, nikienda shule, niliitupa kaseti ya mama kwenye pipa la duka la mikate, nikaifunika kwa mikate iliyoungua.

Raha niliyoipata wiki zilizofuata sijaipata tena maishani. Nilikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa baba. Nilipanga viatu vyangu upande mmoja wa mlango ili vyake vipate nafasi. Nilikwenda kwa maman Furaha kusikiliza albamu kwa kuwa yangu iko safarini, nikajifunza kuzunguka bila kuangusha vikombe, nimwonyeshe baba. Nilihesabu ngazi kutoka chini mpaka kwetu, nikijaribu kukisia atazipanda kwa muda gani akiwa na sanduku.

Waliozipanda ngazi walikuwa wanaume wanne wa msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, na nyuma yao wake zao. Lori lilikutwa barabara ya milimani, milango wazi, viatu vimetawanyika, watu hakuna. Baba alionekana akilipanda. Hakuonekana popote tena, wala mwili wake, mpaka leo. Wanawake waliangua kilio. Mama hakulia. Aliketi kitandani na kitenge chake cha kazini, akasema jambo moja, na akalisema kwa kila aliyeingia, siku tatu mfululizo, kwa sauti ileile.

"Nilimwambia asubiri. Amenisikia, na amekwenda."

Mimi nilikuwa chini ya meza, mahali watoto wanapokaa wakati wa msiba. Mtanisamehe nikisema hata hapo sikuona kosa langu. Niliona maajabu mengine. Kama baba ameondoka na hakufika Nairobi wala hakurudi Bujumbura, basi yuko mahali. Na mimi nilimtumia sauti inayomwita. Akili yangu ya miaka tisa ikaunganisha mambo hayo mawili, ikapata jibu: baba ameufuata wimbo mpaka ulikotoka. Yuko Brazili. Wakubwa wanalia kwa sababu hawajui.

Niliishi na jibu hilo karibu miaka miwili. Maman Furaha alizima muziki wake siku arobaini, yeye Mkristo, kwa heshima ya mama, lakini barabara hakuna wa kuizima. Kiangazi kile kilikuwa cha joto, madirisha wazi, na kila gari lililosimama kwenye taa lilituletea kile kicheko, kisha ngoma. Mama alikuwa akisimama na kufunga dirisha kimya. Mimi nilikuwa nikisubiri akienda kazini nalifungua, nasikiliza kwa makini kama kuna sauti ya mwanamume mpya kwenye kuitikia. Televisheni ikionyesha watu wa kule wakicheza barabarani kwa maelfu, nilikaa na pua kwenye kioo, namtafuta baba uso kwa uso. Mara mbili nilimwona. Mara ya pili nilimwita mama aje, akaja anafuta mikono, akatazama yule mwanamume mwenye manyoya kichwani, akanitazama mimi. Nilimwambia, huyo si baba? Alizima televisheni, akanipakata, nikiwa na miaka yangu kumi na miguu inafika chini, akakaa nami hivyo mpaka giza likaingia. Sikumbuki nilijua siku gani. Nadhani nilikuwa nakijua kitu hicho kidogo kidogo, kila siku robo, mpaka siku moja kikawa chote.

Mama alituma kaseti nyingine mbili Bujumbura kwa tonton Ramadhani, akimwuliza kaka yake aliondokaje, alisema nini, alikula nini mwisho. Hazikujibiwa. Akaelewa kwamba wakwe zake wamemtenga, asijue kwa nini, na yeye ni mwanamke wa kiburi chake. Hakutuma ya tatu.

Nilikuja kujua kwa nini nikiwa na miaka kumi na saba, kwenye harusi ya watu wetu mjini Liège. Mama hakwenda, mgongo ulikuwa unamsumbua. Nikiwa nimeshika sahani ya pilau, mwanamume mmoja mwenye nyusi za baba akaja kusimama mbele yangu. Alikuwa tonton Ramadhani, amefika Ulaya mwaka ule. Aliniita mwanangu, akalia kidogo, kisha akanionyesha kiti. Alizungumza kwa upole, na uchungu wake wote ulikuwa kwa mama.

"Mama yako alimtumia kaka yangu ngoma za kucheza," alisema. "Sisi tunazika watu, yeye anatuma ngoma. Kaka alikaa na ile kaseti kutwa nzima. Akasikiliza upande wa kwanza, akageuza, akasikiliza wa pili. Alifikiri sauti ya mke wake iko katikati, kati ya wimbo na wimbo. Tukamwambia, acha, hakuna kitu humo. Akarudia tena pande zote. Magharibi ikamkuta hapo hapo. Halafu akasema, mke wangu hawezi kunifanyia hivi, kuna jambo limempata, yeye au mtoto. Asubuhi yake akapanda lori."

Kwa hiyo hakuwa amefurahi. Miaka yote ile, hata baada ya kujua kwamba hayuko Brazili, nilikuwa nimejibakizia picha moja: baba amesikia kicheko, ametabasamu, ameanza safari akiwa na moyo mweupe. Tonton aliichukua picha ile bila kujua. Baba aliondoka na hofu, na hofu yenyewe niliifunga mimi kwenye kasha.

Ningeweza kumwambia tonton palepale. Mdomo niliufungua. Mtu akapita na trei ya soda, tonton akachukua mbili, akanipa moja, na mimi nikainywa. La miaka tisa nalielewa, na Mungu ni mwingi wa rehema. La miaka kumi na saba sina la kujitetea, kwa sababu nilijua ninachokinyamazia: mama anadhani mumewe alimdharau, wakwe wanadhani mama alimdharau mume, na mtu mmoja tu duniani anajua kwamba hakuna aliyemdharau mwenzake. Niliogopa. Nilimuogopa mama kuliko nilivyomuogopa Mungu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Tangu harusi ile siwezi kusikiliza albamu ya mtu yeyote. Wimbo wenyewe haunisumbui. Ni pale unapokwisha na mwingine haujaanza, ile sekunde tupu yenye mkwaruzo mdogo. Kuna mtu anasikiliza pale pamoja nami, ameinama, ana mafua. Mume wangu alidhani natania, mpaka aliponiona nikishuka kwenye gari la rafiki yake kwenye taa nyekundu.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, wanawake wa msikitini walikuja hospitali kama desturi, wakamkalisha vizuri na kumwomba awape radhi watu wake, walio hai na waliotangulia, asiondoke na kinyongo. Aliwataja kwa zamu. Aliwasamehe waliochoma nyumba yetu. Aliwasamehe wakwe zake kwa kumnyamazia. Walipomtaja baba akageuza uso ukutani, na hawakumpata tena kwa hilo. Walipoondoka akaniambia mimi, kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya kawaida.

"Huyo tutaonana huko huko. Nitamuuliza kwa nini sauti yangu haikumtosha."

Sikulala, na siku ya pili pia. Niliwaza baba, kule aliko, anangoja kumuuliza mama swali lilelile. Mchana wa siku ya tatu nikafunga mlango wa chumba, nikavuta kiti mpaka magoti yangu yakagusa kitanda.

"Mama, baba hakukusikia. Kaseti yako haikufika. Niliibadilisha mimi."

Mwanzoni alidhani namtungia hadithi ya kumliwaza, akaniambia niache. Basi nikamweleza yote, sambusa, kiti, pipa la mikate, nikamweleza na ya tonton Ramadhani neno kwa neno. Alinisikiliza amefumba macho. Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya dripu, akatusalimia, akatoka.

"Alisikiliza mpaka mwisho?" mama aliniuliza.

"Pande zote mbili. Mara mbili."

"Ananitafuta mimi?"

"Anakutafuta wewe, mama."

"Kumbe hakunidharau," alisema, na machozi yakaanza kushuka kuelekea masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilishika mkono wake nikamwomba anisamehe. Hakuutoa mkono, wala hakuukaza. Baada ya muda akaniambia nimvalishe mtandio vizuri. Nikamvalisha.

"Sasa toka kidogo, Zuhura. Funga mlango. Nataka kusema na mume wangu."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwenye korido zaidi ya saa nzima. Sauti yake ilikuwa inapita mlangoni, ya chini, haikatiki, maneno siyashiki, ila mara moja nilitambua kwamba anamkaripia. Aliponiita aliomba maji. Aliishi siku kumi na moja zaidi, akala nilichompikia, akaniombea dua kila asubuhi kama alivyozoea. Kuhusu mimi hakusema chochote, na mimi sikuthubutu kumwomba msamaha mara ya pili.